Simbu wa Sigino hatajulikana kwa mbio moja

MASHINDANO ya shule yakimalizika tu, vijiwe vya Babati huwa na kesi moja: nani ndiye Simbu mwingine? Sigino wana wao, Bagara wana wao, Bonga nao hawakubali kushindwa. Kijana aliyemwacha wa pili mita 50 kwenye mbio za mita 1,500 anapewa ufalme palepale uwanjani. Aliyeshika namba sita anaambiwa akaendelee na jembe.

Hukumu hizo ni za haraka mno, na kwa mkoa kama Manyara zina gharama.

Huu ni mkoa wa John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 huku mguu umefungwa bandeji. Ni mkoa wa Gidamis Shahanga wa Hanang, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton. Ni mkoa wa Gabriel Geay wa Mbulu, aliyekimbia Valencia kwa saa 2:03:00 mwaka 2022, kisha akawa wa pili Boston mwaka 2023, siku ambayo Eliud Kipchoge alimaliza wa sita.

Miguu ipo, tena tangu zamani. Kinachokosekana ni jicho la kuisoma miguu hiyo ikiwa bado ya mtoto.

Alphonce Simbu mwenyewe ni ushahidi tosha. Mwana huyo wa Singida, aliyezaliwa mwaka 1992, hakuwahi kuleta medali ya dunia ya vijana. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akachukua shaba ya dunia London mwaka 2017, akachukua fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham mwaka 2022. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Septemba mwaka huohuo, jijini Tokyo, akatwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, na mwenye nayo alikuwa na miaka 33.

Katikati ya safari hiyo kuna Olimpiki ya Paris 2024, alikomaliza wa 17. Angepimwa kwa Paris peke yake, leo angekuwa anasimuliwa kama mtu aliyepita.

Sasa tazama upande wa pili. Fabian Joseph alichukua fedha ya dunia ya nusu marathoni mwaka 2003 akiwa na miaka 17. Mwaka uliofuata akachukua fedha tena. Mwaka 2005 kule Edmonton akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 19. Nani asingeapa kwamba huyo atatawala kwa miaka 15? Baada ya hapo hakupanda tena jukwaa la medali za dunia.

Hakuna wa kumlaumu hapo. Dhahabu ya Joseph ni dhahabu, na Watanzania wenye nayo wanahesabika. Ila ukiwaweka hao wawili pamoja unapata somo lote: mmoja alichanua akiwa na miaka 19, mwingine akiwa na miaka 33. Mtu aliyewatazama wote wakiwa na miaka 17 na kutoa hukumu ya mwisho, angekosea mara mbili.

UMRI KWANZA, MUDA BAADAYE

Swali la kwanza kwa kijana yeyote lisiwe amekimbia kwa dakika ngapi. Liwe amezaliwa lini.

Darasa moja la sekondari linaweza kuwa na mtoto wa miaka 14 na mwingine wa miaka 18. Huyu mkubwa ameshamaliza kukua: mapafu yake, misuli yake na hatua yake ni za mtu mzima. Mdogo bado ana kazi ya miaka mitatu au minne mwilini. Wakipishana sekunde tano tu kwenye 1,500, mwenye kipaji kikubwa huenda ni yule aliyeshindwa. Bila cheti cha kuzaliwa, kocha anapiga ramli.

Swali la pili ni amefanya mazoezi kwa muda gani. Kuna kijana aliyekaa kambini miaka mitatu, anakula kwa mpangilio na anakimbia mara mbili kwa siku. Kuna mwingine ametoka kuchunga ng'ombe, akavua ndala, akaingia kwenye mstari. Wakimaliza bega kwa bega, siyo sawa hata kidogo. Wa kwanza ameonyesha alichonacho. Wa pili hata yeye mwenyewe hajui anacho kiasi gani.

Swali la tatu ni uwanja gani. Viwanja vingi vya shule ni nyasi na vumbi, mzunguko umepimwa kwa hatua za mwalimu. Mbulu iko juu kuliko Babati, na Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Dakika zilizopatikana sehemu hizo tatu haziwezi kuwekwa kwenye karatasi moja zikalinganishwa kama bei ya sukari.

Kinachoweza kulinganishwa ni kijana na yeye mwenyewe. Je, mwaka huu amepunguza muda kuliko mwaka jana, kwenye uwanja uleule? Je, mzunguko wa mwisho anaukimbia kwa kasi au anauvuta? Akishindwa leo, wiki ijayo anakuja mazoezini?

Kwa wasichana hesabu hiyo inahitaji subira zaidi. Binti wa miaka 13 ni mwepesi, anapeperuka. Akifika 16 mwili unabadilika, muda unapanda, na watu wazima wanasema kipaji kimeisha. Hakijaisha, mwili unajipanga upya. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41 akiwa na miaka 27. Ni mabinti wangapi wa Manyara walioachwa wakiwa na miaka 16 bila mtu kuwaambia wasubiri?

HARAKA YA BARABARANI

Kosa kubwa zaidi huja baada ya sifa. Kijana akitajwa tu, anatafutiwa mbio za barabarani zenye zawadi. Leo kilomita 10, mwezi ujao kilomita 21, na akifika miaka 18 kuna mtu anamnong'oneza habari za marathoni.

Kanuni za Riadha ya Dunia hazimruhusu aliye chini ya miaka 20 kukimbia marathoni kwenye Olimpiki wala Mashindano ya Dunia. Waliozitunga siyo wajinga. Mifupa na mishipa ya mtoto haijakomaa kwa kilomita 42.

Makocha watasema, na wana haki, kwamba subira ni ya wenye pesa. Mzazi wa Sigino anataka ada na unga. Kijana asiyeonekana mwaka huu, mwakani yuko kwenye bodaboda. Ni kweli kabisa. Lakini kwa sababu nafasi ni chache, hapo ndipo uchaguzi unapotakiwa kuwa wa makini zaidi, siyo wa kupiga makofi.

Tazama wanavyofanya wenzetu wa besiboli. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ya Marekani iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Haikuwapeleka moja kwa moja kwenye ligi kuu. Mchezo ule una ligi ndogo za ngazi kadhaa, kijana anapanda moja baada ya nyingine, na kila mpira anaorusha unaandikwa. Wengi hawafiki juu. Ila anayekatwa anakatwa kwa kumbukumbu za misimu, siyo kwa alasiri moja.

Babati haina pesa za Dodgers, lakini daftari inayo. Afisa michezo wa halmashauri, walimu wa michezo na chama cha riadha cha mkoa wakikubaliana, kila mkimbiaji wa shule anaweza kuwa na ukurasa wake: tarehe ya kuzaliwa, uwanja, muda, nafasi, majeraha. Kwa miaka mitatu. Aliyeshika namba sita naye aandikwe. Ukurasa huo umfuate akihama shule, na Shirikisho la Riadha Tanzania likija kutafuta vijana wa timu ya taifa liukute.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Kwenye riadha hilo siyo fumbo, ni matokeo ya mbio. Yule wa namba sita aliyerudi Sigino kwa miguu baada ya mashindano, ameulizwa na nani mwaka wake wa kuzaliwa?