JOZI YA NANE HAIHALALISHI KAMARI



Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, kijana mmoja ameniambia: "Shekhe, poka si kamari. Tunacheza wawili tu, dau lina kikomo, na ni hesabu, si bahati."

Haya, tuichukue hesabu yake. Umeshika jozi ya nane, mwenzio ana A na K. Kabla karata za mezani hazijafunuliwa, unashinda kama mara 55 katika 100. Zile 45 unalia. Hiyo ndiyo elimu ya kuchezea pesa ya mahindi?

Na hata ungekuwa bingwa, hoja haisimami. Tatizo ni mali kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kuuziana, bila kazi, bila hiba. Someni Suratul Maida, aya ya 90 na 91: kamari imetajwa pamoja na ulevi, na sababu zimetajwa: uadui, chuki, kuzuiwa na swala. Dau dogo halikusamehewa. Kikombe kimoja cha pombe nacho si kina kikomo?

Serikali yenyewe, katika Sheria ya 2003, inaiita michezo ya KUBAHATISHA. Leseni haigeuzi haramu kuwa halali.

Kijana, jembe na bodaboda vina jasho, na jasho lina baraka. Ulichokula kirudishe kwa mwenyewe. Ulicholiwa usikifukuzie. Tubu leo, kabla ya Magharibi.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzio.