Mwanao anajifunza kung fu kwenye simu? Kwanza mtazame magoti

Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 12, mkono wa kulia umevimba. Mtoto alisema ameanguka mpirani. Nilipomuuliza mbona vifundo vya vidole vina sugu na michubuko iliyokwisha kukauka, akatazama chini. "Mwambie daktari ukweli," mama yake akasema. Ndipo tukajua kwamba kwa wiki kadhaa amekuwa akipiga ngumi gunia la kokoto nyuma ya nyumba, akifuata video kwenye simu ya mama huyo huyo. Eksirei ilionyesha mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo umevunjika. Tukamfunga hogo, na mama akafuta video zote hapo hapo akiwa amekaa kwenye benchi.

Sikumlaumu, lakini sidhani kufuta ndiyo dawa. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na wengi wa watoto ninaowaona hawafiki huko. Mtoto anayetoka jasho kwa hiari yake si wa kukatishwa tamaa. Kwa hiyo wiki hii nazungumza nawe mzazi mwenzangu, na pia nawe mwenye presha au magoti mabovu ambaye umewahi kuniuliza kama unaweza kufuata video hizi ukiwa sebuleni kwako.

Nyingi ya video hizo ni za mitindo ya kusini mwa China, yaani majimbo ya Guangdong na Fujian, pamoja na Hong Kong. Majina utakayoyasikia ni Hung Gar, Wing Chun, Choy Li Fut na Korongo Mweupe. Watu huipenda mitindo hii nyumbani kwa sababu mingi yake haihitaji uwanja. Mwanafunzi anakita miguu chini, na mikono ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mzazi akichungulia anaona mtoto kasimama tu, wala haruki wala havunji kioo, naye anarudi jikoni moyo umetulia.

Kumbe kule kusimama ndiko kwenye kazi yenyewe. Katika Hung Gar kuna mkao wa farasi: miguu imepanuliwa kuliko mabega, magoti yamekunjwa, mapaja yanashuka hadi yakaribie kulala sambamba na sakafu. Mtu hukaa hivyo dakika kadhaa. Kadiri goti linavyokunjwa likiwa limebeba mwili, ndivyo kilegesambwa, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, kinavyozidi kukandamizwa. Mapaja yakichoka, magoti huanza kuanguka kwa ndani na nyayo kulala. Mwenye mkao huo hahisi kosa lolote, anahisi moto wa mapaja tu na kujipongeza. Wing Chun nayo ina mkao wake ambao vidole vya miguu na magoti vinaelekea ndani kidogo, kama mtu anayembana mbuzi katikati ya mapaja. Mwanafunzi asiye na mtu wa kumsahihisha hubana kwa kusokota magoti, wakati nguvu inatakiwa itoke kwenye nyonga. Akifanya hivyo kila jioni kwa miezi miwili, atakuja kwangu akishika upande wa ndani wa goti.

Video inakuonyesha mwalimu, lakini mwalimu hakuoni wewe. Na katika mitindo hii kukuona ndiko kulikokuwa nusu ya tiba. Nasema tiba kwa makusudi. Wong Fei-hung, yule ambaye filamu nyingi za Hong Kong zinamhusu, alikuwa tabibu mwenye duka la dawa na matibabu lililoitwa Po Chi Lam, huko Guangzhou. Walimu wengi wa Hung Gar waliomfuata waliunga mifupa na kuchua misuli katika nyumba ile ile waliyofundishia. Mwanafunzi akiteguka jioni, aliyemtegua ndiye aliyemkanda, na kesho yake alijua ampunguzie nini. Video imechukua ngumi na kumwacha tabibu nyuma.

Imeacha pia utaratibu wa kungoja. Hung Gar ina zoezi linaloitwa Tit Sin Kuen, maana yake ngumi ya uzi wa chuma. Hapo mwanafunzi anakaza mikono na kifua, anasukuma polepole kama anayesukuma ukuta, huku akitoa pumzi kwa sauti. Kwa desturi hufundishwa mwisho kabisa, baada ya miaka, kwa mtu ambaye mwalimu anaujua mwili wake. Kwenye simu limewekwa jirani na somo la kwanza, na kwa kuwa linaonekana la polepole, wazee wenye presha wanalichagua wakidhani ni jepesi.

Hapa naomba unisikilize vizuri, wewe unayemeza dawa za presha. Ukikaza misuli kwa nguvu huku umebana pumzi, shinikizo la damu hupanda ghafla, hata kwa kijana mwenye afya. Kwa mtu ambaye tayari ana 160 kwa 100, mpando huo si wa kujaribia mbele ya skrini. Kwenye video huwezi kujua kama unatoa pumzi sawasawa au umeibana bila habari, kwa maana wanaojifunza karibu wote huibana. Mwenye presha ya macho, mwenye ngiri na mama mjamzito nao walipite zoezi hilo. Na ukipima ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo usifanye zoezi lolote, nenda kituo cha afya.

Simaanishi picha hazina kazi. Ip Man, mwalimu wa Wing Chun aliyemfundisha Bruce Lee, alirekodiwa mwaka 1972 akiwa na saratani ya koo, muda mfupi kabla ya kufariki Desemba mwaka huo. Katika picha hizo ni mzee aliyekonda, anatembeza mikono taratibu. Waliokwisha kufundishwa wanaziangalia mpaka leo ili kujikumbusha na kulinganisha. Hiyo ndiyo kazi ninayoipa video hata mimi, kumkumbusha mtu alichosahihishwa jana. Jambo ambalo Wing Chun inalithamini mno, zoezi la mikono inayonata, hufanywa na watu wawili mikono yao ikigusana, kila mmoja akipima nguvu ya mwenzake kwa ngozi. Simu haina ngozi.

Basi ufanye nini kama mtaani kwenu hakuna mwalimu? Kwa mtoto, ruhusu mikao ya juu, goti likunjwe kidogo tu, na dakika moja moja badala ya kumi. Mrekodi kwa simu hiyo hiyo kutoka mbele, kisha mtazame pamoja: goti linafuata vidole vya mguu au limeanguka ndani? Hewa ipigwe kadiri apendavyo. Magunia ya kokoto, kuta na mbao hapana kabisa. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu za ukuaji ambazo bado ni gegedu, laini kuliko mfupa uliokomaa. Kwa wasichana hufunga mara nyingi kati ya miaka 13 na 15, kwa wavulana kati ya 15 na 17. Sehemu hiyo ikiumia, mfupa unaweza kukua ukiwa mfupi au umepinda.

Wewe mwenye magoti yaliyosagika, fanya mikono ukiwa umekaa kwenye kiti kigumu kisicho na magurudumu, au usimame wima ukiwa umeegemea meza. Pumua huku ukihesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Maumivu yakiendelea hadi asubuhi ya pili, ulizidisha, punguza nusu.

Mlete mtoto kituoni kama goti limevimba au linakwama, kama anachechemea, kama ana nundu inayouma chini ya kilegesambwa, au kama mkono umevimba na hawezi kukunja ngumi. Mtu mzima akihisi kifua kubana, kizunguzungu, au kichwa kuuma ghafla akiwa mazoezini, aache hapo hapo na asisubiri kesho.

Yule kijana tulimfungua hogo mwezi uliopita. Aliniuliza swali moja tu, lini atapiga tena. Nimempa kazi ya kukamua mpira laini kila siku, na mkao wa farasi wa juu, mama yake akiwa mbele yake na simu. Kokoto zimerudishwa kwa fundi aliyekuwa akizitafuta.