Hadhira Isifutwe

Waungwana wa ushairi, Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Mimi, mwalimu mstaafu wa sekondari hapa Karagwe, ni mpenzi wa bendi hiyo tangu enzi za kaseti. Nakiri kwamba rekodi zake za studio zina ustadi mkubwa. Hata hivyo, uhai wake nausikia zaidi katika rekodi za jukwaani.

Tuchukue nyimbo mbili, zote za albamu ya 1975, A Night at the Opera. Wa kwanza ni Bohemian Rhapsody. Studioni, sauti za waimbaji watatu zilirudiwa na kupandanishwa hata zikawa kwaya nzima. Ustadi huo haukuweza kuhamishiwa jukwaani. Katika Live Killers, albamu ya maonyesho ya Ulaya iliyotoka mwaka 1979, wimbo unapofika sehemu ya kwaya hupigwa kanda ya studio, na wanamuziki wameondoka jukwaani. Kila niisikilizapo sehemu hiyo, namwona fanani aliyeikimbia hadhira yake.

Wa pili ni Love of My Life. Studioni ulipambwa kwa piano na kinubi. Jukwaani umevuliwa mapambo hayo, likabaki gitaa la Brian May. Mercury huanza, kisha hunyamaza, na umati ukaimba kwa niaba yake. Wimbo ule mdogo umekuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, kwa sababu uliacha nafasi na hadhira ikaijaza.

Wapo watakaosema kwamba kelele za umati humeza maneno. Ni kweli, humeza baadhi. Lakini neno lililomezwa na waitikiaji laweza kukisiwa. Mwitiko uliofutwa haukisiwi.

Nasema hivi kwa uchungu. Katika arusi moja huko Kyerwa, mzee mmoja alisimama kutoa majigambo kwa Kinyambo. Kila alipokata pumzi, wanaume waliitikia na wanawake wakapiga vigelegele; naye akazidi kupanda. Mjukuu wake alimrekodi kwa simu, kisha akaniletea kazi yake kwa fahari: alikuwa ameisafisha. Mwitiko wote ulikuwa umekatwa, na mistari imeunganishwa pasipo pumzi. Nilichosikia ni mtu mzima anayejisemea peke yake chumbani. Nilipoiulizia rekodi ya awali, akanijibu, “Niliifuta, Mwalimu, simu ilikuwa imejaa.” Mzee sasa hana nguvu za kusimama wala kupaza sauti. Tumebaki na nusu ya shairi.

Simlaumu sana kijana yule. Sisi walimu tulimfundisha kwamba fasihi simulizi ina fanani na hadhira, kisha katika mitihani tukamwuliza habari za fanani tu.

Kwa hiyo, ndugu mshairi, ukienda kumrekodi mghani, mkaribie yeye, lakini usiwape kisogo waitikiaji. Kikohozi kiache. Kicheko kiache. Ukitaka kuhariri, hariri nakala, na rekodi ya awali uihifadhi. Hao unaowaita kelele ndio waliokuwa wakiumaliza ubeti.