Mechi ya ugenini haiishi na filimbi ya mwisho

Droo ya CAF ikichezeshwa na mojawapo ya timu zetu ikaangukia kwa klabu ya Afrika Kusini, siku hiyo hiyo vijiwe vya Kariakoo vinaanza kupiga hesabu. Basi au ndege? Tunduma tunavuka lini? Hoteli shilingi ngapi? Viza hatuhitaji, kwa hiyo hata kijana mwenye kibanda cha vocha anaona safari inawezekana. Na kweli wapo wanaokwenda.

Kuna hesabu moja ambayo sijawahi kuisikia ikipigwa kijiweni. Ukishafika Johannesburg au Pretoria, uwanjani unafikaje? Na mechi ikiisha usiku mkubwa, unarudije ulikolala?

Niseme wazi. Shabiki wa ugenini hasumbuliwi sana na refa, wala na baridi ya Gauteng. Anasumbuliwa na usafiri. Na sisi, ambao CAF ilitupa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, tunatakiwa kuyatazama mateso hayo kwa makini, maana ndiyo tutakayowapa wenzetu tusipojipanga.

Chukua mechi ambayo bado inauma. Aprili 5, 2024, Yanga ilikuwa Pretoria kurudiana na Mamelodi Sundowns pale Loftus Versfeld, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kila mtu anakumbuka shuti la Stephane Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda chini, na ubishi kama mpira ulivuka mstari au la. Mechi mbili, hakuna bao. Zikapigwa penalti, Yanga ikatoka. Hayo tumeyabishania mpaka tumechoka. Ambacho hakuna aliyekibishania ni saa. Ile ilikuwa mechi ya usiku, ikaongezewa na penalti juu yake.

Sasa sikia. Pretoria na Johannesburg zimeunganishwa na treni inaitwa Gautrain. Safi, ina walinzi, inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, na kituo chake cha Hatfield kipo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Loftus. Ukiiona kwenye ramani unasema hapa tumemaliza kazi. Tatizo ni kwamba kwa ratiba yake ya kawaida treni hiyo inalala mapema. Ni treni ya mtu anayetoka ofisini, siyo ya mtu anayetoka kwenye penalti. Mgeni aliyefikia Johannesburg kwa kuwa ndiko alikopata chumba cha bei nafuu, anabaki barabarani na jezi yake ya njano, kwenye mji asiomjua mtu.

Halafu treni hiyo haifiki kila mahali. Ina vituo kumi tu. Kipande cha uwanja wa ndege wa OR Tambo hadi Sandton kilifunguliwa Juni 8, 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia kuanza. Pretoria ikaja kufikiwa 2011, Kombe limeshaondoka zamani. Soweto haijafika hadi leo. Na Soweto ndiko liliko Orlando Stadium, ambako Simba ilitolewa kwa penalti na Orlando Pirates Aprili 2022. FNB nao, uwanja mkubwa uliochezewa fainali ya 2010, haumo kwenye njia yake. Yaani reli ya kisasa kuliko zote nchini mle inapita mbali na viwanja ambavyo mwenye mpira wake ndiye anajazana.

Kwenda huko yapo mabasi ya Rea Vaya, ndugu wa mwendokasi wetu, yaliyoanza 2009. Haya yanafika hadi Orlando Stadium. Lakini yana kadi yake, Gautrain ina kadi yake, na taksi za abiria wengi zinataka pesa taslimu mkononi. Mgeni mmoja, siku moja, mji mmoja, malipo ya aina tatu. Anayeishi pale ameshazoea, ana kadi zote kwenye pochi. Wewe umefika juzi, unaondoka kesho, unanunua kadi ambayo hutaitumia tena maishani.

Zilikuwepo pia treni za kawaida za Metrorail, ndizo zilikuwa za mtu wa hali ya chini. Mwaka 2020 wakati wa korona wezi walikata nyaya, wakang'oa vyuma, vituo vingine vikabaki kuta. Njia nyingi zilichukua miaka kurudi.

Kwa hiyo unabaki na taksi, yaani zile Toyota Quantum ambazo sisi tunaziita Haisi. Ndizo zinazobeba watu wengi zaidi Johannesburg. Mbongo akiziona anafurahi, anasema hizi si daladala? Nazijua tangu nazaliwa. Subiri kwanza.

Daladala ya Dar inakuja imeandikwa inakotoka na inakokwenda, ina rangi ya ruti yake, na mlangoni ananing'inia mtu anapiga kelele "Mbagala, Mbagala, Rangi Tatu!" Taksi ya Johannesburg mara nyingi haikwambii chochote. Wewe abiria ndiye unayetakiwa kuiambia, tena kwa kidole. Ukinyoosha kidole cha shahada juu, unakwenda mjini. Ukikielekeza chini, unakwenda hapa hapa jirani. Ziko ishara nyingine chungu nzima kwa maeneo mbalimbali. Mtoto wa Soweto anazijua kama sisi tunavyojua njia ya shule. Mgeni anasimama pembeni ya barabara, magari yanampita, anadhani yamejaa au yanambagua, kumbe hajasema anakwenda wapi.

Ukifanikiwa kupanda, hakuna konda. Nauli inatoka siti ya nyuma kwa mkono, inapita bega kwa bega mpaka mbele, na aliyekaa siti ya mbele ndiye anayehesabu na kurudisha chenji. Ukijikalisha mbele ili uone mji vizuri, ujue umejipa kazi. Zinakufikia noti za watu watano, kila mmoja anashuka kwake, na sarafu zenyewe huzijui. Kushuka nako kuna lugha yake. Taa za barabarani kule wanaziita "robot". Basi abiria anapaza sauti "after robot!", gari linasimama baada ya taa. Usipopaza sauti, linapita.

Siwalaumu watu wa kule. Mfumo wao unafanya kazi, na una uungwana wake, maana sijui mji mwingine ambao pesa inapita mikononi mwa watu kumi na kufika salama. Tatizo ni kwamba umetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua. Hakuna ubao unaokueleza, na kuuliza kuna bei yake. Johannesburg ni mji ulioona vurugu dhidi ya wageni mwaka 2008 na tena 2019. Ukifungua mdomo kuuliza njia usiku, umeshajitambulisha kwamba hapa si kwenu. Wapo mashabiki wanaochagua kutembea kilomita tatu kimyakimya kuliko kuuliza.

Wengine watasema, si uite gari kwa programu ya simu? Ndiyo, ukiwa na bando na simu haijazima chaji. Lakini kwa miaka sasa kuna ugomvi kati ya madereva wa programu na watu wa taksi za kawaida, na umewahi kufika hadi kushambuliana na kuchoma magari nje ya vituo vya treni. Dereva anayeogopa kusogea karibu anakwambia, "Kaka, tembea mpaka kona ile nikuchukue." Kona ile, saa tano usiku.

Sasa mtu asije akadhani hii ni hadithi ya Afrika peke yake. Juni 16, 2024, baada ya England kucheza na Serbia pale Gelsenkirchen kwenye Euro, mashabiki walikwama kwa saa kadhaa wakisubiri treni na tramu. Hiyo ni Ujerumani. Mwezi uliofuata timu yenyewe ya Uholanzi treni yao ya kwenda Dortmund kwenye nusu fainali iliahirishwa, ikabidi wapande ndege, na mkutano na waandishi ukafutwa. Na Durban, Julai 7, 2010, ndege zilizobeba mashabiki wa nusu fainali ya Hispania na Ujerumani zilikosa pa kutua kwa sababu ndege binafsi za wakubwa zilikuwa zimejaa na hazitaki kuondoka. Mamia ya watu waliolipia tiketi waliikosa mechi.

Tofauti ni kwamba Wajerumani walikuwa wameweka kitu cha maana mezani. Kila mwenye tiketi ya mechi ya Euro alipanda usafiri wa umma bure kwa saa 36. Qatar 2022 nao, mwenye kadi yake ya shabiki alipanda metro bure. Mgeni hakununua kadi tatu. Tiketi yake ya mpira ndiyo iliyokuwa nauli.

Turudi nyumbani. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Njia ya mwendokasi ya Mbagala imejengwa kwenye Barabara ya Kilwa, si mbali na uwanja. Kwa mahali tu, tuko vizuri kuliko Loftus. Lakini kila aliyewahi kutoka Mkapa baada ya mechi ya saa moja au saa tatu usiku anajua kinachofuata. Daladala zinakatisha ruti, nauli inapanda kwa mdomo, bodaboda anakutajia bei akiangalia viatu vyako. Dada aliyekuja na mwanawe anatembea mpaka Tazara akitafuta gari. Huyo ni mwenyeji, anajua Uhasibu ni wapi na Sokota ni wapi. Mpe Mmorocco au Mmali tiketi ya mechi hiyo hiyo, halafu mwambie ashuke Bendera Tatu. Atatafuta bendera mpaka asubuhi.

Na sisi hatuna ishara za vidole, lakini tunacho chetu: kila kitu kimo kichwani mwa konda. Yule kijana tunayemtukana kwa kelele ndiye ramani, ndiye ratiba, ndiye ofisi ya maelezo. Anazungumza Kiswahili tu, na hana wajibu kwa mtu yeyote. Mgeni asiyejua lugha yuko pale pale alipo Mbongo wa Johannesburg.

Nimesikia hoja kwamba wageni wa AFCON watabebwa na mabasi ya maandalizi. Timu zitabebwa, marefa watabebwa, viongozi watabebwa na ving'ora mbele. Shabiki atajibeba mwenyewe. Na hata kama wageni wote wangebebwa, yule wa Gongo la Mboto aliyenunua tiketi kwa hela ya wiki nzima arudi kwa mguu?

Mambo ninayotaka hayahitaji mkopo wa nje. LATRA, DART na TFF wakae meza moja, tena sasa, mechi za ligi zitumike kama mazoezi. Kwanza, saa ya mechi isipangwe na televisheni peke yake. Anayepanga mechi ya saa tatu usiku aonyeshwe kwanza basi la mwisho linaondoka saa ngapi, na kama linaondoka kabla ya penalti, liongezewe muda. Pili, tiketi ya mechi iwe nauli ya mwendokasi siku hiyo, kwenda na kurudi. Tatu, vituo vyote vinavyozunguka uwanja viwekwe mbao zenye namba na majina, kwa Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Nne, makonda wa ruti za Temeke na Mbagala wapewe semina na vizibao, walipwe posho siku za mechi. Wanajua njia kuliko kamati yoyote.

Na klabu zetu, Simba na Yanga, zinazouza jezi na safari za ugenini, zichapishe karatasi moja tu kwa kila safari: treni inalala saa ngapi, kadi gani ununue, kidole gani unyooshe, Watanzania waishio pale wanakutana wapi baada ya mechi. Ni karatasi ya upande mmoja. Shabiki aliyevuka mipaka mitatu kwa basi ili akaimbe dakika 90 anastahili angalau hiyo.

Tutaendelea kubishana kama mpira wa Aziz Ki ulivuka mstari. Mimi nauliza kuhusu yule aliyekuwa jukwaani anaushangilia, je, alifikaje kitandani usiku ule? Kamati ya AFCON ikiweza kulijibu swali hilo kwa mgeni mmoja wa Mkapa, kabla hatujaanza kupaka rangi viti, nitaamini tuko tayari.