Moshi Haupigi Hodi

Binti yangu ni mwalimu wa shule ya sekondari huko Ekerenyo, katika Kaunti ya Nyamira. Mwezi wa Shaabani uliopita nilikwenda kumjulia hali, nikakaa siku kumi na mbili. Ndugu msomaji ambaye hujafika huko, fahamu kwamba mtu wa pwani akishuka garini huona kama amehamia nchi nyingine: vilima vya majani-chai, migomba kila boma, mvua inayoshuka alasiri takriban kila siku, na baridi ya usiku inayomlaza mtu na soksi miguuni. Watu wake ni wakarimu. Siku ya kwanza tu nililetewa ndizi na jirani ambaye hata jina langu alikuwa hajaliuliza.

Lakini sikukusudia kuandika habari za safari. Nataka kusema juu ya kibao nilichokikuta ukutani.

Binti yangu amepanga vyumba viwili katika ploti yenye vyumba kumi, safu mbili, mlango ukitazama mlango, na ujia mwembamba wa saruji katikati. Kuta zinazogawa vyumba ni za matofali, ila hazikufika juu. Zimeishia penye kenchi, na kutoka hapo hadi kwenye mabati ni uwazi mtupu unaopita chumba cha kwanza hata cha mwisho. Mtu akipiga chafya chumba cha tatu, wa chumba cha saba humwombea afya. Basi penye mlango mkubwa mwenye ploti ameandika kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kuvuta sigara ndani ya ploti hii, hata chumbani kwako, na atakayekaidi atahama.

Niliyasoma mara mbili yale maneno matatu: hata chumbani kwako.

Sababu yake niliambiwa usiku ule ule. Chumba cha nne anakaa mzee mmoja, bawabu wa usiku, ambaye hulala mchana na kuvuta sigara tangu ujana wake. Chumba cha tano yuko mama na mtoto wa kiume wa miaka minne mwenye maradhi ya pumu. Huku kwetu mvutaji hutoka barazani akapunga upepo, na moshi wake ukenda baharini. Kule mvua ikishika tangu saa tisa, mzee hufunga dirisha kwa baridi, akawasha. Moshi hupanda, hukuta pale penye uwazi, hushuka upande wa pili. Usiku mmoja yule mtoto alikimbizwa hospitali hana pumzi. Kesho yake mwenye ploti akaandika kibao.

Mpaka hapo sina ugomvi na mwenye ploti. Ugomvi ulianza alipotaka kuhakikisha kwamba neno lake linafuatwa. Alikuwa na funguo za akiba za vyumba vyote kumi, akaanza kufungua vyumba vya watu wakiwa kazini, akinusa na kutazama chini ya vitanda. Kwa mzee alikuta majivu ndani ya kifuniko cha kopo, akampa wiki mbili ahame. Kwa binti yangu alifungua pia. Hakukuta kitu, lakini alizikuta nguo za ndani za mwanamke zimeanikwa kwenye kamba, maana nje kulikuwa na mvua. Binti yangu aliponieleza hayo alitazama sakafu.

Kikaitwa kikao. Kilifanyika Jumapili, kwa kuwa wengi wa wapangaji ni Wasabato na Jumamosi huwa kanisani. Tuliketi uani, watu wazima kumi na watano hivi, nami nikapewa kiti kwa heshima ya mvi.

Mzee alisema kwamba analipa kodi, kwamba chumba ni chake mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba katika umri wake hatafundishwa na mtu namna ya kukaa nyumbani kwake. Yule mama alimjibu kwa upole sana. "Baba, hata mimi nalipa kodi. Lakini hewa ya chumba changu inatoka kwako." Watu wakanyamaza. Kisha mzee akamgeukia mwenye ploti, na hapa ndipo niliposikia neno ambalo sikulitarajia. Abagusii wana mila wanayoiita chinsoni, yaani heshima na haya baina ya wazazi na watoto wao, na mtu wa pwani hapati taabu kulielewa neno hilo, maana nasi tuna soni. Katika mila hiyo baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mzee akamwuliza: "Wewe kwa mwanao mwenyewe huingii. Kwangu waingiaje?"

Mwenye ploti hakujibu. Nami nilikuwa nikitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka mzee aliponigeukia mimi. "Na wewe, Baba Mwalimu, ule moshi wenu wa Alhamisi usiku je?"

Naam. Nilikuwa nimemchukulia binti yangu udi kutoka Mombasa, na usiku wa kuamkia Ijumaa tulikitia chetezo makaa tukafukiza vyumba vyote viwili kama tufanyavyo nyumbani. Ulipita wapi moshi wa udi, ikiwa si pale pale ulipopita wa sigara? Pafu lenye pumu haliutazami moshi kwa harufu yake. Nilimwomba radhi mama wa mtoto mbele ya watu, na nasema kweli kwamba ilikuwa vigumu.

Wala si mara yangu ya kwanza kuwa na deni hili. Nilivuta sigara miaka ishirini na miwili, nikaacha mwaka 1999. Binti yangu huyu alipokuwa mchanga nilivuta katika chumba alicholala, kitandani, mamake akimnyonyesha. Alikuwa na kikohozi kisichokwisha hata akaanza chuo cha Kurani, na sisi nyumbani tulikisingizia upepo wa kusi. Hakuna jirani aliyeniambia neno, kwa sababu nilikuwa mwenye nyumba.

Sasa tuzungumze juu ya hiyo haki ya nyumbani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ilipitishwa mwaka 2007 ikaanza kufanya kazi Julai 2008. Wengi wetu twaijua kwa mikahawa, matatu na ofisi, na kwa ile adhabu yake ya faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Wachache wanajua kwamba katika orodha ya mahali palipokatazwa, sheria hiyo imetaja pia nyumba za makazi na mahali pengine wanapotunzwa watoto. Maneno hayo yakisomwa kama yalivyo, chumba cha tano cha ploti ile kimo ndani yake. Sheria hiyo hiyo imekataza kuuza sigara moja moja, na kila msomaji wangu anakijua kibanda ambako atauziwa moja sasa hivi na kuazimwa kiberiti. Kwa hiyo tusimngoje askari aje kuhesabu moshi wa Ekerenyo.

Katiba ya mwaka 2010 nayo imesema mambo mawili ambayo kwa juu juu yanagombana. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mtu na nyumba yake isipekuliwe. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele. Mzee ameshika cha kwanza, mama ameshika viwili vya mwisho. Lakini je, yanagombana kweli? Mimi naona la. Moshi wa mzee uliingia kwa mama bila ya hodi. Mwenye ploti aliingia kwa mzee bila ya hodi. Kosa ni moja, limefanywa na watu wawili, na mwenye kuona ubaya wa moja lazima auone wa pili. Sisi tuliofundishwa katika Sura ya Nuru kwamba nyumba isiyo yako huingii mpaka uombe idhini, tungelijua hilo upesi kuliko wengine.

Uhuru wa nyumbani, kwa watu wa pwani, haukuwa kamwe uhuru wa kufanya lolote. Ulikuwa ni sitara. Tazama nyumba za mawe za Lamu: mgeni hupokewa dakani, akipita hapo kuna tekani, kisha msana, halafu ndani. Kila hatua ina idhini yake. Hata zile nyumba za vyumba sita za Majengo, ambazo babu zetu walipangisha chumba chumba, zilikuwa na ukumbi katikati, uwa nyuma na baraza mbele, na mvutaji alijua pake ni barazani. Ploti za leo zimeondoa yote hayo. Umebaki mlango na kitanda. Mtu akinyimwa sigara chumbani na nje hakuna pa kukaa, ameambiwa asimame mvuani.

Wala tusidhani ni mambo ya bara. Kisauni na Likoni vyumba vya namna hiyo hiyo vimejaa, na shisha ilipopigwa marufuku nchini Disemba 2017, asiyeiacha ataivutia wapi ila nyumbani?

Nchi nyingine zimeshapita njia hii. Marekani, kuanzia mwisho wa Julai 2018, nyumba za serikali wanazopangishwa watu wa pato dogo zilikatazwa kuvutwa sigara ndani, vyumbani mwa wapangaji na hata umbali wa futi 25 kutoka kwenye jengo. Tajiri aliye na nyumba yake peke yake hakuguswa, na jambo hilo halinipendezi, ingawa nalielewa: moshi wake hauna jirani. Singapore, mwaka 2020, mbunge mmoja alitaka watu wakatazwe kuvutia madirishani na roshani za nyumba zao. Serikali ilikataa, ikitaja faragha ya nyumba na ugumu wa kupata ushahidi. Huko nako wamekwama penye mlango.

Na asije mtu akatwambia kufungua dirisha kunatosha. Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti mwaka 2006 iliyosema kwamba hakuna kiasi cha moshi wa sigara ya mwingine kisicho na madhara, na kwamba kupitisha hewa hakumwondolei madhara hayo asiyevuta. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa moshi wa wenzao.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Katika nyumba inayoshiriki hewa, marufuku ya kuvuta chumbani ni haki, na mpangaji aambiwe kabla hajatoa kodi ya kwanza, si baadaye. Mwenye nyumba anayeweka marufuku hayo ajenge mahali penye paa nje. Na funguo za akiba zikae kwa mwenye ploti kwa ajili ya moto na maji, si kwa ajili ya kunusa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa na aliyempangisha. Mwenye kibao na asome na hiyo.

Kikao chetu kilikwisha magharibi. Mzee hakuhamishwa. Mwenye ploti alitoa mabati manne yaliyobaki katika ujenzi, vijana wakasimamisha kibanda karibu na tangi la maji, na benchi likawekwa. Binti yangu hufukiza nguo zake huko huko, na wanaopika kwa jiko la mkaa wameacha kuliwasha ujiani. Iliamuliwa pia kwamba kila mpangaji abadilishe kufuli yake akitaka, na funguo za zamani zirudishwe.

Wiki iliyopita binti yangu alinipigia simu. Mzee analalamika kwamba kibanda kinavuja. Funguo tisa zimerudi. Ya chumba chake yeye, mwenye ploti asema ameipoteza, na binti yangu ameshanunua kufuli mpya.