Mwendo na Kinyume Chake

Shofere akiulizwa mwendo wa motokari yake, hujibu: «Kilometa 60 kwa saa.» Lakini mama aliyepakia mihogo yake nyuma auliza neno jingine: «Kila kilometa yachukua dakika ngapi?» Hayo ni maswali mawili ya jambo moja, na la pili ni kinyume cha la kwanza. Kilometa 60 kwa saa ni dakika 1 kwa kilometa. Kilometa 20 kwa saa ni dakika 3.

Enyi wanafunzi, shikeni kalamu. Kamio yatoka Kamanyola, yapanda mlima wa Ngomo kuelekea Bukavu. Tuseme imepanda kilometa 20 kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, kisha yarudi. Iteremke kwa mwendo gani, ili safari nzima iwe ya kilometa 40 kwa saa? Wengi watajibu upesi: «60, maana nusu ya 20 na 60 ni 40.» Wamekosea! Zijumlishwazo ni dakika: kupanda 60, kuteremka 20, jumla 80 kwa kilometa 40. Huo ni mwendo wa kilometa 30 kwa saa tu. Na aliyetaka 40 alikuwa na saa 1 kwa safari yote, nayo imekwisha mlimani. Hata akiruka kama ndege, hataipata tena.

Tena tazameni hili. Anayetoka mwendo wa 20 kufika 40 apunguza sekunde 90 katika kila kilometa. Anayetoka 80 kufika 100 ameongeza 20 zile zile, lakini apunguza sekunde 9 tu. Nazo nguvu za motokari za kugonga zimezidi kwa zaidi ya nusu. Faida ni ndogo, hatari ni kubwa.

Basi, shofere aliyecheleweshwa mlimani asijaribu kulipa deni hilo kwa kukimbia huko bondeni, na watu wamejaa nyuma yake. Nasi abiria tusimhimize. Maji yakimwagika hayazoleki. Anayetaka kufika mapema aondoke mapema. Na aliyekwisha kuchelewa akubali kuchelewa. Watoto wetu wanaotungoja mlangoni hawahesabu dakika: watutaka sisi wenyewe, tukiwa wazima.