Uniti 75: za kaya au za mita?



Naomba nafasi niwaulize EWURA, wadhibiti wa bei ya umeme, swali ambalo sisi wapangaji wa Dar es Salaam tunaulizana kila LUKU, umeme wa kulipia kabla, inapokata: zile uniti 75 za umeme wa bei nafuu zinahesabiwa kwa kaya au kwa mita?

Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kundi la D1 na bei yake ni shilingi 100 kwa uniti. Akizoea kuzidi anahamishiwa T1, shilingi 292. Weka VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na EWURA wenyewe asilimia 1, uniti inamfikia wa D1 kwa shilingi 122 na wa T1 kwa 356. Ndiyo maana wengine wakinunua umeme wa elfu kumi wanaambulia uniti 28.

Nyumba tunayopanga Mbagala ina vyumba sita na mita moja. Chini ya mita kuna daftari la michango linaloning'inia kwenye msumari, na ndilo chanzo cha kesi zote za uani: nani kapiga pasi usiku, nani anagandisha barafu za kuuza, nani alisafiri na hataki kuchanga. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 30. Jumla ni 180, tayari tumekuwa wateja wakubwa, na kila chumba kinatoa zaidi ya shilingi 10,600. Jirani mwenye mita yake peke yake akitumia uniti 70 analipa 8,540. Katumia zaidi ya mara mbili yangu, kalipa pungufu!

Sina ugomvi na bei kuwa moja Tanzania Bara nzima. Miaka mingi Kigoma iliwashiwa umeme kwa majenereta ya dizeli, ghali kuliko umeme wa maji au wa gesi ya Songo Songo, na wenzetu hawakutozwa bei ya dizeli. Ni haki yao. Lakini kikomo hicho hicho cha uniti 75 kinamhusu mtu wa Njombe, ambaye Juni anajifunika mablanketi mawili, na mtu wa Dar, ambaye Januari mtoto wake halali bila feni. Hapo nani alipima?

Mwenye nyumba ukimwomba mita za vyumba anakuuliza nani atalipa. Mjini kuunganishiwa ni shilingi 320,960 hata nguzo ikiwa mlangoni. Kijijini ni 27,000. Na kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, inakatwa kwenye LUKU hiyo hiyo tunayochangia. Tuliambiwa tuifidie kwenye kodi ya pango. Mpangaji wa chumba kimoja mwenye ubavu huo simjui.

Ombi langu ni dogo. Mita yenye kaya sita ipewe kikomo cha kaya sita. Mjumbe wa mtaa anatujua kwa majina na anaweza kuthibitisha. Hilo likiwashinda, basi mita za vyumba kwenye nyumba za kupanga zitolewe kwa 27,000 kama vijijini, nasi tutazilipia wenyewe bila kumsubiri mwenye nyumba.

Mpangaji,
Mbagala, Dar es Salaam